Nyumba Njema si Mlango, Lakini Mnunuzi Huanzia Mlangoni

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Maneno hayo ni ya kweli, wala sina nia ya kuyapinga. Lakini yeyote aliyewahi kuuza nyumba anajua ya kuwa mnunuzi hafungui mlango uliomchukiza. Husimama njiani, akatazama lango, akatazama ukuta, akatazama mahali yanapopita maji ya mvua; kisha ama hupiga hodi, ama hujifanya alikuwa anapita tu. Jambo lenyewe huamuliwa kabla mwenye nyumba hajavaa viatu.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mlio katika jeshi na polisi, pamoja na wake zenu na waume zenu, mnayajua vizuri maisha ya kuhamahama. Barua ya uhamisho haiulizi kama nyumba imekwisha kupata mnunuzi. Kwa hiyo nimeona si vibaya kuwasimulia namna tulivyoutengeneza mwingilio wa nyumba ya wazazi wangu huko Kinama kabla ya kuiuza mwaka 2023, kwa fedha kidogo tuliyokuwa nayo, na shauri gumu lililotukabili katika kazi hiyo.

Kinama iko kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Kamenge. Mingi ya mitaa yake imepewa majina ya mikoa ya zamani ya nchi yetu: Ngozi, Muyinga, Bururi, Muramvya, Ruyigi na mingineyo. Hata baada ya mikoa 18 kupunguzwa kuwa 5 mwaka 2025, mitaa ile imebaki na majina yake, na mtu wa Kinama huweza bado kutoka Ngozi kwenda Muyinga kwa miguu akanunue chumvi. Viwanja si vikubwa, nyumba zimekaribiana, na mbele ya nyumba nyingi pana ukuta au uzio wenye lango la bati.

Marehemu baba alinunua kiwanja hicho mwaka 1988. Vita vya miaka ya 1990 vilipofika kwetu tuliondoka kama walivyoondoka wengi, na tuliporudi baada ya miaka kadhaa tulikuta kuta zimesimama lakini mabati hayapo, na milango yote imeng'olewa. Baba hakuanza na paa. Alianza na mlango wa mbele, akaununua kwa seremala, akauweka katika fremu yake, akaufunga kwa ufunguo, ilhali juu yetu palikuwa na turubai tu. Majirani walicheka. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nalikumbuka jibu lake: "Mtu mwenye mlango anasemwa anakaa, asiye na mlango anasemwa amejificha."

Baadaye, nikiwa katika chuo cha ualimu, nilisoma habari za milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu. Husimuliwa ya kuwa katika mji mkongwe wa Zanzibar mwenye kujenga aliutengeneza mlango kwanza, ukasimamishwa, ndipo nyumba ikajengwa kuufuata. Maua, minyororo na samaki waliochongwa katika miimo, na vishikizo vya shaba vilivyopigiliwa katika mbao, vilimweleza mpita njia hali ya mwenye nyumba. Sisi wa Kinama hatuna nakshi wala shaba. Lakini maana ni ile ile: mlango humtangulia mwenyewe kusema.

Mwaka 2019 Gitega ikawa mji mkuu wa siasa, na Bujumbura ikabaki mji wa biashara. Ofisi yangu ikahamishiwa Gitega, nami nikaifuata. Mama alibaki Kinama peke yake mpaka miguu ilipoanza kumsumbua. Tukakubaliana, mimi, kaka yangu mkubwa na wadogo zetu wawili, ya kwamba nyumba iuzwe, Mama aje kukaa nami, na sehemu kubwa ya fedha imjengee vyumba viwili na bafu la karibu katika kiwanja changu. Ndiyo kusema bei ya nyumba ile ilikuwa uzee wa Mama. Tusingeweza kuitupa kwa bei ya kuomba.

Hesabu kwanza

Madalali, ambao kwetu watu huwaita makomisioneri, walikuja watatu. Wote walisema neno moja: badilisheni lango, wekeni la chuma zito, na vigae barazani. Nilikaa na kalamu usiku nikapiga hesabu. Katika mtaa kama wetu, wanunuzi wengi hununua kiwanja kwanza na nyumba baadaye. Huenda mnunuzi akaibomoa baraza yote mwezi ule ule ajenge upya. Lango la fahari haliongezi bei kwa kadiri ya gharama yake. Lakini lango lenye kutu na kuning'inia hupunguza bei kupita gharama ya kulitengeneza. Hiyo ndiyo kanuni niliyoishika tangu siku ile: usitumie fedha kupamba, tumia kuondoa kinachomfukuza mtu. Tukaweka mpaka: jumla yote isizidi nusu ya mshahara wangu wa mwezi mmoja, na nguvu za mikono ziwe zetu wenyewe.

Jambo la kwanza halikugharimu kitu. Nilitoka nje, nikaenda hatua hamsini barabarani, nikarudi polepole kama mgeni, nikiwa na karatasi. Niliandika kila kilichonichukiza macho, pua na miguu. Mtu akikaa mahali muda mrefu macho yake huzoea. Ndoo iliyopasuka huigeuza kuwa sehemu ya ukuta. Orodha yangu ilikuwa na mambo kumi na saba, na kumi kati yake yalihitaji fagio, jembe na mkokoteni tu: matairi mabovu, vipande vya mabati, rundo la matofali yaliyovunjika, nyasi, na mfereji wa barabarani uliojaa mifuko na matope.

Mfereji huo ni wa watu wote, na mtu mmoja akiusafisha mbele ya lango lake maji huja kutuama hapo hapo yakitoka kwa jirani. Kwa hiyo tuliingojea Jumamosi, siku ambayo nchini kwetu asubuhi yake huwa ya kazi za maendeleo. Kaka akawaomba majirani tuanzie sehemu yetu ya barabara. Saa tatu za kazi ya watu ishirini zilifanya ambalo fedha yangu isingefanya kwa mwezi, na mbu wakapungua pia.

Chokaa, kutu na bawaba

Ukuta wa mbele ulikuwa na rangi ya mafuta iliyobambuka kama ngozi ya samaki. Fundi mzee wa mtaani alitueleza sababu. Rangi ya mafuta hufunga vinyweleo vya tofali. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa njia ya kutokea, ukaisukuma rangi mpaka ikatoka. Chokaa ni kinyume chake: huuacha ukuta upumue. Tena chokaa ina siri yake. Ni jiwe la chokaa lililochomwa tanurini, likazimwa kwa maji. Na likipakwa ukutani hunywa hewa ya ukaa iliyomo angani, likarudi kuwa jiwe tena kidogo kidogo. Ndiyo sababu chokaa ya leo huwa na nguvu zaidi baada ya wiki kadhaa.

Tulifanya hivi. Tulikwangua rangi yote iliyolegea. Nyufa ndogo tuliziziba kwa mchanga na saruji. Chokaa iliyozimwa tuliiloweka usiku kucha ndani ya pipa, asubuhi tukaichuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu, tukatia chumvi kidogo ili ishike, tukaikoroga mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Ukuta tuliulowesha kwanza kwa maji, kwa maana ukuta mkavu huinywa chokaa haraka ikawa unga. Tulipaka mara tatu, nyepesi nyepesi, siku moja kila mara, asubuhi na jioni, kamwe si jua la mchana. Nawaonya akina mama wenye watoto: chokaa huunguza macho na ngozi. Vaeni kitu mikononi, na watoto wapelekwe kwa shangazi siku hizo.

Lango lilikuwa la bati juu ya fremu ya chuma. Kutu tuliisugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, tukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na juu yake rangi ya kijani kibichi. Makopo mawili madogo yalitosha. Watu wengi huruka ile rangi ya kwanza ili kubana matumizi. Baada ya mvua mbili kutu huchungulia tena, na mnunuzi akiona kutu changa chini ya rangi mpya huanza kushuku kila kitu. Lango lilikuwa likiburura chini na kupiga kelele. Halikuhitaji kubadilishwa, bawaba moja ilikuwa imelegea. Tuliikaza, tukatia mafuta, na lango likafunguka kwa kidole kimoja. Kitu kidogo, lakini mkono wa mgeni hukumbuka.

Matofali yaliyovunjika, badala ya kuyatupa, tuliyapanga juu ya mchanga tukapata njia kavu kutoka langoni mpaka barazani, upana wa watu wawili. Tuliipa mteremko mdogo wa kuelekea barabarani ili maji yasirudi ukutani. Ukingoni tulipanda mchaichai, ambao haudai fedha na hushika udongo. Namba ya nyumba iliandikwa upya. Taa ya langoni ilipata balbu mpya, kwa kuwa wafanyakazi wengi huja kutazama nyumba jioni wakitoka kazini.

Kitu kimoja nilitaka kukiondoa Mama akakataa: benchi la mbao la baba, kando ya mlango. Nilisema limechakaa na linapunguza nafasi. Mama akanijibu, "Mwanangu, mtu anayekuja kununua nyumba amechoka kutembea. Atakaa wapi akifikiri?" Tukalipiga msasa tu. Nitakuja kueleza kazi lililofanya.

Alama ukutani

Sasa nifikie lile shauri gumu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilishuka kutoka vilimani, na mafuriko yakaingia Kinama, Kamenge, Buterere na sehemu nyingine za kaskazini mwa mji. Watu zaidi ya 60 walipoteza maisha, na maelfu wakakosa makazi. Nyumba nyingi za matofali mabichi ziliyeyuka kama sukari. Yetu ina msingi wa mawe na matofali ya kuchoma, ikasimama. Lakini maji yaliingia, na yalipoondoka yaliacha mstari wa kahawia kando ya mlango wa mbele, juu kidogo ya goti la mtu mzima. Baada ya msiba ule baba alikiinua kizingiti kwa matofali mawili, akachimba mfereji wa ndani unaopeleka maji nje. Mstari hakuufuta. Alikuwa akisema ni kipimo chake.

Siku ya kupaka chokaa kaka aliikamata brashi akaelekea kwenye mstari ule. Nikamwomba angoje. Akaniambia, "Dada, wewe unataka kuuza nyumba au kufundisha darasa? Hakuna duka linaloandika kasoro ya nguo kifuani." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akilipa dawa za Mama, na kila faranga iliyopungua ingemwangukia yeye. Nami nikamjibu ya kuwa nguo mbaya humvua mtu, lakini nyumba mbaya humzika. Anayenunua hapa ataleta watoto, nao watalala chini ya kipimo kile. Tulibishana mpaka jua likazama. Mwishowe tukampelekea Mama, naye akasema kwa kifupi, "Paka ukuta wote, acha hapo. Baba yenu hakupafuta."

Tukapaka ukuta wote mweupe, tukaacha kipande cha upana wa viganja viwili kando ya mlango, chenye mstari. Chini yake niliandika kwa rangi nyeusi: Februari 2014.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mfanyabiashara. Alilisifu lango, akaisifu njia, akafika mlangoni, akasoma. Aliaga kwa adabu, hakurudi. Kaka hakuniambia neno, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko maneno. Wiki tatu zilipita, makomisioneri wakaacha kupiga simu, nami nikaanza kuhesabu siku za likizo yangu zilizosalia.

Ndipo akaja sajini mmoja wa jeshi pamoja na mkewe. Alikuwa ametumikia Somalia, ambako Burundi ilianza kupeleka askari wake Desemba 2007, na akiba yake yote ya kule alikuwa ameiweka kwa ajili ya nyumba. Ilikuwa imenyesha asubuhi, mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Mume alitazama paa. Mke aliiinamia njia ya matofali akatazama maji yanakokwenda, kisha akaja mpaka kwenye mstari. Akaniuliza, "Dada, na tangu hapo?" Nikamweleza ukweli: maji yamefika ngazini mara mbili, hayajavuka kizingiti. Nikamwonyesha mfereji wa ndani. Akauliza kwa nini hatukupaka pale. Mama akajibu kwa niaba yangu, "Kwa sababu ungekuja kujua usiku, mwanangu."

Wakaketi wote wawili juu ya lile benchi, wakasemezana kwa sauti ya chini kwa muda wa kuiva chai. Kisha sajini akasema, "Mama, nyumba nne tumetazama. Zote ni mpya kwa mbele. Hii peke yake imetuambia umri wake." Alitoa bei iliyokuwa chini ya ile aliyoitaka kaka, na sababu yake ilikuwa ni mstari ule ule: alitaka kuinua sakafu. Tulijadiliana siku mbili. Tulikubaliana katikati. Vyumba viwili vya Mama vilijengwa. Fedha ya kuta za bafu ilipungua, nayo nikaikamilisha kwa mshahara wangu katika muda wa miezi minane. Kaka bado anaamini ya kuwa mstari ule ulitugharimu. Huenda anasema kweli. Mimi nasema ulitulipa kwa njia nyingine, kwa maana sajini huyo hajapata kunipigia simu ya lawama hata mara moja, na watoto wake wanalala pale.

Mlango wa karatasi

Jambo la mwisho nalieleza kwa mkazo, kwa kuwa familia nyingi hulisahau. Nyumba ina milango miwili: wa mbao na wa karatasi. Mnunuzi aliyevutwa na wa kwanza hukwama katika wa pili. Kabla hamjanunua kopo moja la rangi, kusanyeni hati ya kiwanja, stakabadhi za Regideso zilizolipwa, kitambulisho cha kila mwenye haki, na barua iliyotiwa saini na warithi wote, wake kwa waume, kwamba wanaridhia. Sisi tulikuwa nazo katika bahasha moja juu ya meza ya barazani. Mahali ambapo watu hulazimika kuandika ukutani kwamba nyumba haiuzwi, kwa kuogopa matapeli wanaouza vya wenzao, bahasha kama hiyo humtuliza mnunuzi kuliko vigae. Na mkataba usifanywe kwa kupeana mikono tu. Nendeni mbele ya notari, pawe na mashahidi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliyepata barua ya uhamisho, anza hivi. Toka nje utazame nyumba yako kama mgeni. Ondoa kinachomfukuza mtu kabla ya kununua kinachomvuta. Shirikiana na majirani katika mfereji. Chokaa kwa ukuta, rangi ya kutu kwa chuma, mafuta kwa bawaba, njia kavu kwa miguu, taa kwa jioni, na mahali pa kukaa kwa aliyechoka. Kama waweza kuchagua majira, safisha wakati wa kiangazi, lakini usiogope mnunuzi ajaye siku ya mvua. Huyo ndiye mwenye nia. Na ikiwa ukuta wako una alama, usiifunike kwa brashi. Eleza ilikotoka, onyesha ulichofanya baadaye, kisha umwache mwenzio apime mwenyewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; na nyumba iliyosema kweli mlangoni haina haja ya kumkimbia aliyeinunua.